Kopo la Siagi

Miezi mitatu nabisha malango ya Kampala
nikiomba mavi.
Ndiyo kazi yangu, siitii sukari.
Kololo hunipa kwa koleo, ndani ya mfuko wenye nembo,
mlinzi kaziba pua kwa kofia.
Bwaise hunicheka kwanza, kisha huwaita watoto
waje wamwone mama wa maabara
aliyesoma hadi chuo kikuu
ili achote kinyesi cha mbwa kwa kijiti.

Nakoroga ndani ya chumvi iliyokolea.
Uchafu huzama, mayai huelea.
Dakika kumi na tano, kisha kioo, kisha jicho langu,
na kule chini ya hadubini yanatokea:
mviringo, kahawia,
ganda vinundu vinundu kama ngozi ya fenesi,
mafenesi ambayo kumi yangeketi
juu ya nukta moja, yasibanane.
Safura nao wapo, ganda jembamba.
Na tegu, vipande kama mbegu za tango
vikijikokota mkiani pa mbwa wa mwenye bucha.

Mbwa namba thelathini na moja: wapo.
Thelathini na mbili: wapo.
Nawaambia wenyewe: mpe dawa, zoa, nawa,
usimtupie utumbo mbichi.
Wanaitikia vizuri sana.

Jioni narudi Kyebando,
na Kapteni hunipokea kwa mkia na ulimi
kama aliyeambiwa sitarudi tena.

Kapteni sijampima.

Ni mbwa wa ua mzima, milango sita, bomba moja.
Usiku wezi walipoijia pikipiki ya Adroa
ni yeye aliyebaki na kipande cha suruali mdomoni.
Tangu hapo hula posho ya kila nyumba,
hulala apendapo,
na haja yake huimalizia nyuma ya nakati za Kayaga.
Mvua ya alasiri huja, huyeyusha, husambaza,
jua likitoka udongo mwekundu
unang'aa kama sakafu iliyopigwa deki.

Hapo ndipo Lubowa, mwana wa Kayaga, miaka minne,
ana hoteli yake.
Sambusa za matope. Chapati za matope.
Na mpishi gani asiyeonja?

Juzi nilimwona akitazama kipepeo.
Aligeuza kichwa upande,
kama kuku anayekagua punje.
"Mazoea tu hayo," mama yake alisema, akacheka.
Nami nikacheka. Usiku sikulala.

Kwa maana buu hana ubaya.
Kazaliwa kumtafuta mbwa, kajikuta ndani ya mtoto,
kapita ini, kapita pafu, akiulizia njia,
na siku nyingine hufika jichoni
akakaa pale
kama mgeni aliyeachwa na basi.

Leo alfajiri nilibeba kopo la siagi
nikamfuata Kapteni nyuma ya nakati, nikinyata
kama mmoja wa wale wezi.
Chumvi. Dakika kumi na tano.

Mafenesi.

Nikisema, nani ataulizia dawa?
Wataulizia sumu: ile nyama itupwayo mtaroni usiku,
na asubuhi mbwa wametapakaa
kama viatu visivyo na wenyewe.
Nisiposema, lile jicho.

Nikaficha kidonge ndani ya pafu la ng'ombe.
Kapteni akala pafu, akatema kidonge,
akaniangalia kwa adabu.
Nikarudia. Mara ya tatu alimeza,
nadhani kwa kunihurumia.

Nimenawa hadi viwikoni.
Koleo liko mkono wa kushoto.
Wa kulia nimeuinua mlangoni kwa Kayaga
na maneno sijayapanga,
na nyuma yangu mkia unapiga bati la jirani,
ndu, ndu, ndu,
kana kwamba naye anabisha.