Filimbi ya Saa Saba, Nachingwea

Saa saba kamili Somoe Namkulya, katibu wa wachukuzi,
akapuliza filimbi yake ya plastiki.
Magunia ya korosho yakabaki yalipofika,
moja nusu begani, nusu kwenye lori.
"Mkataba unasema saa nzima," akamwambia meneja,
na daftari hata hakulifungua.

Sisi sita wenye kombati tukaendelea kubeba.

Filimbi naijua. Miaka kumi na minne
imeniamsha, imenikimbiza, imenilaza.
Sikujua kuwa yaweza kumketisha mtu
akale ming'oko kwa chumvi, miguu kainyoosha.

"Koplo, nyie chama chenu kiko wapi?"
Nikasema: nchi ndiyo chama.
Akacheka, si kwa dharau.
"Na ada mnalipa?"

Ada.
Goti hili la kushoto.
Posho ya Novemba iliyofika Machi, imekonda njiani.
Mwanangu aliyezaliwa niko lindoni,
akanililia siku tatu kama mgeni.
Niliuliza mara moja, kwa adabu, kwa afande;
nikajibiwa kwa namba yangu, si kwa jina.

Kugoma sitaki. Wakigoma walinzi
nani abaki macho? Ruvuma haungoji kikao.
Nataka mlango wa kubisha, basi,
usiwe wa yule yule ninayemlalamikia.

Saa nane. Filimbi.
Wakainuka pamoja wakikung'uta vumbi,
na Somoe akipita akaniwekea ming'oko miwili
juu ya gunia, bila neno.

Mmoja nikaula wima.
Wa pili ninao bado, mfukoni.