Saini

Mwalimu Mbwambo alipoliandika ubaoni, Korogwe,
tulidhani anataka tuweke sahihi.
Alicheka hadi chaki ikamvunjikia.
"Hii ni saini nyingine," akasema, akachora:
mstari unapanda, unachoka kileleni, unashuka,
unapita sifuri bila kubisha hodi,
unazama kina sawa na kimo ulichopanda,
unarudi. Haudai, haudaiwi.

Nimeishi nalo hapa Sunderland miaka kumi na mitatu.
Nalijua kwenye umeme unaonguruma ukutani,
kwenye mchana wa Juni usiotaka kulala
na ule wa Desemba unaozimwa kabla ya saa kumi.
Chochote kilichokwenda na kurudi kwa adabu
nilikiita saini, nikakipenda.

Kisha usiku mmoja wa zamu, chumba namba sita,
karatasi ikatoka mashineni imechorwa vizuri mno.
Kirsty Hepple akageuza shingo:
"Tazama mwanangu alivyo na mwandiko!"

Sikumjibu.
Moyo wa mtoto mzima tumboni hauna mwandiko.
Hukwaruza kama kuku jaani,
hushtuka, husinzia, mwenyewe akijinyoosha hukimbia,
huacha mstari wenye meno, wa kihuni,
nasi wakunga husema alhamdulillahi, tukarudia chai yetu.

Huu ulikuwa wa Mwalimu Mbwambo.
Mawimbi manne kila dakika, kimo kimoja, mgongo laini.
Nikamlaza mama ubavu wa kushoto: yale yale.
Nikalitikisa tumbo kwa viganja, nikaita: yale yale.
Damu ya mtoto ilikuwa inakwisha,
na moyo, usipokuwa na cha kujibu tena,
ulikuwa unafuata kanuni.

Kengele nyekundu.
Daktari alitaka neno moja tu, nikampa lile la ubaoni.
Kumbe lina matumizi haya pia,
ambayo hayakuwahi kutoka kwenye mtihani.

Kirsty akatia saini fomu ya upasuaji:
kalamu ikapanda, ikateleza, ikatoboa karatasi,
jina halisomeki.

Mtoto alitoka mweupe kama mshumaa.
Wakampa damu kwa mpira mwembamba kuliko utambi.
Asubuhi, kabla ya basi, nilipita kumwona.
Kwenye kioo chake mstari ulikuwa umechafuka,
meno, mikwaruzo, ruka, kosa, ruka.
Nikasimama pale, koti begani,
nikishindwa kuusoma.