Nusu Saa

Kijana wa tiketi alinichorea mstari kwa rula:
huku Mtwara, kule Bukoba,
kilomita elfu moja na mia tatu na ushei.
"Ndege ingenyoosha, mama, saa mbili na nusu tu.
Ila hakuna inayonyoosha."

Akaupinda.
Dar, kusubiri. Mwanza, kusubiri.
Saa za angani chache,
za kukalia kiti cha chuma tele.
Bei akaiandika pembeni kwa penseli,
kana kwamba ningeweza kuifuta.

Nikahesabu kivyangu:
magunia mawili ya korosho kwenda,
mawili kurudi,
na mwaka huu mikorosho imeliwa na ubwiri.
Karatasi ipo chini ya kopo la chumvi.

Jioni, hapa Chikongola adhana imekwisha,
tende i mdomoni,
Mwanaidi anapiga.
"Mama, huku jua bado liko juu ya migomba."
Saa ni ile ile kwenye simu zote mbili,
nchi moja, taarifa ya habari moja,
lakini mimi nimeshalowesha koo
na yeye sauti imemkauka.

Bakuli la uji nalifunika kwa sahani.
Ananisimulia mvua ya kwao,
wanafunzi wake wanaokuja na senene mfukoni,
kiatu kilichoachia soli.
Uji unashika utando.
Kijana wa tiketi hakuiandika nusu saa hii.

Kisha, nyuma ya sauti yake, adhana, nyembamba.
"Haya, kula."
"Bismi—" anasema,
salio linakatika.