Karatasi Niliyoiacha Juu ya Kibodi

Mama Nasimiyu,
kompyuta yako imepona. Nimeileta saa tisa,
ulikuwa umekwenda chama, keateka akanifungulia.
Usishtuke ukiona imenyamaza:
ile kelele uliyoniambia ni uzee
ilikuwa vumbi, vumbi la Kayole la miaka sita,
limejikunja ndani ya feni kama paka.
Nimelitoa kwa brashi ya rangi, ile ndogo.
Basi usiilaze tena juu ya blanketi.
Hupumua kwa chini,
nawe ulikuwa ukiiziba pua.

Sasa nisikilize. Pesa ulizonilipa
zilikuwa za kufagia; haya mengine ni ya bure.

Nywila yako niliipata kwa jaribio la tatu.
Ujuzi sikutumia. Nilikumbuka tu ukuta wa sebuleni,
picha ya Mzee Barasa, jina lake, na mwaka chini yake.
Kama fundi wa kuitwa ameweza,
mwizi anayekesha atashindwaje?
Tafuta maneno manne yasiyojuana:
sufuria, Jumanne, twiga, deni.
Yaunganishe, hakuna atakayeyabahatisha
(ila usitumie hayo, nimeshayaandika hapa).
Wala usiyaweke kwenye kalenda ya bucha,
kila anayeingia kuuliza tarehe atayasoma.
Daftarini. Na daftari lilale
palipolala hati ya shamba.

Lile dirisha jekundu lililokutoa jasho,
"Una virusi mia tatu, piga namba hii upesi,"
halikuwa daktari. Ni yule kijana wa barabarani
anayekuonyesha kwamba gurudumu lako halina upepo
ili usimame, mwenzake achukue mkoba.
Lifunge. Likikataa kufungika,
bonyeza kitufe cha kuzimia, ushikilie, mpaka giza.
Ugonjwa gani hukuachia namba ya simu?

Na huyo anayepiga akilia
kwamba ametuma pesa kwako kimakosa, mtoto yuko wodini,
mwambie awapigie wenye mtandao, wao ndio hurudisha.
Kisha tazama salio, usitazame ujumbe;
ujumbe huandikwa na yeyote mwenye vidole.
Najua utajiona mkatili. Una roho nzuri, Mama,
na wao hiyo ndiyo wanayoipigia simu.

Inapoomba kusasishwa, iruhusu.
Umekuwa ukiiambia "kesho" tangu Februari.
Stima ikipotea, chomoa waya;
hurudi na hasira. Kunywa chai kwanza.

Limebaki moja, nimekuwa nikilizungukazunguka.

Diski ilikuwa ikifa.
Ilikuwa na mlio, tiki, tiki, kama saa iliyoangushwa.
Nilikesha nayo usiku mbili, nikinakili kidogo kidogo
kama mtu anayeteka maji kwa kifuniko.
Faili elfu moja na mia tisa zimetoka.
Arobaini na moja hazikutoka. Nisamehe.
Sikuchungulia, naapa, ila ilinibidi nijue
kama sauti zimevuka salama, nikafungua moja tu:
mwanamume anacheka,
anakuuliza chumvi umeificha wapi.
Nikazima.

Akiba haiozi, walisema wahenga.
Hawakuwahi kuona diski.

Kwa hiyo nimekununulia flashi, imo ndani ya bahasha,
utanilipa ukipata. Kila kitu kimo humo.
Nakala nyingine mpelekee dada yako Ruiru;
moto na mwizi na paa linalovuja
haviwezi kubisha nyumba mbili siku moja.
Halafu kila mwezi, siku ya kulipa kodi, nakili upya.
Kodi huwezi kuisahau, mwenye nyumba hakuruhusu.

Ile ya chumvi nimeiweka ya kwanza kwenye orodha.
Ilikuwa na jina la tarakimu tupu,
nimeiita Chumvi.

Wako, Wambua,
kibanda cha bluu, nyuma ya mashine ya unga.

Tena, nusura nisahau: uliniambia spika zimeharibika.
Spika ni nzima.
Sauti ilikuwa imezimwa, tangu lini sijui,
wala sitauliza.
Kitufe kiko juu, mkono wa kulia.
Utakapokuwa tayari.