Kisanduku cha Saba

Fomu yauliza: kwa nini saratani?
Maneno mia tatu, yasizidi.
Feni ya maabara hapa Makadara yazunguka kwa kusitasita,
nami nina vioo arobaini na viwili
vya kusoma kabla ya adhuhuri.

Niandike nini?
Kwamba shangazi yangu aliuficha uvimbe
miezi tisa chini ya leso,
akiuita jipu, akiupaka manjano,
na kipande chake kilipofika mezani
mimi ndiye niliyekitia rangi,
nikaandika nambari
mahali pa jina lake?

Nikafuta. Hilo si la kamati.

Mama, kizingitini Kibokoni, achambua mchele.
"Miaka minne ya udaktari wa vitabu,
na karo walipa wao?"
Naam.
"Na wewe wapewa mshahara?"
Posho, Mama. Ya chakula na kodi.
Akacheka mpaka ungo ukatikisika.
"Makubwa! Kusoma nako kwalipwa."
Akaokota kijiwe, akakitazama, akakitupa uani.
"Basi waulize,
mwenye kuugua alipwa nini?"

Usiku umeme ulikatika,
simu imebakisha asilimia tisa.
Nikaliandika swali la Mama lilivyo,
chini yake nambari ya kioo kile.
Maneno mia mbili na ushei yakabaki.
Nikayaacha.

Kisha pale wanapotaka mdhamini wa tatu:
Mwanatumu binti Shebwana.
Anwani: Kikowani, safu ya nyuma, ubavuni mwa ukuta.
Simu: hana.