Kumi na Sita

Kwa mama Nsimire, mtaa wa Majengo,
televisheni imefungwa kwa waya juu ya magunia ya makala,
nasi tumekaa chini, vumbi jeusi magotini,
tukingoja maharage yaive.
Ndipo wakatokea wanaume ishirini na wanne
wamevaa visu miguuni.

"Wanakwenda kuchinja nini?" akauliza Sebujangwe.
Fundi Katembo hakucheka. Alitazama miguu tu,
kama anavyotazama gurudumu la mti
kabla ya kulivisha mpira.

Barafu ni maji yaliyosimama.
Hilo tulilielewa upesi, sisi wa Goma:
kwetu ni moto uliosimama,
ukapoa, ukawa barabara, ukawa ukuta wa choo,
ukawa jiwe linalotafuna mpira wa chukudu yangu kila mwezi.

Bastola ililia mara moja, kwa wote.
Nikakiona kizuizi cha Kibumba saa kumi na moja alfajiri,
chukudu arobaini zimebanana pua kwa mkia,
kabichi, viazi, mbao, baridi inang'ata masikio,
askari anakunja franka zetu, anatia mfukoni,
kamba inashuka
na mlima wote unaanza kutukimbiza.

Raundi ya kwanza hawakukimbia.
Vijana wakaguna: wazee hawa wanatembea!
Nikawaambia tulieni.
Wa mbele anakula upepo,
wa nyuma anakula mgongo wa mwenzake.
Mimi nimeshuka miaka tisa nyuma ya mzigo wa Sebujangwe,
kila shimo nalijua
kwa jinsi kabichi zake zinavyoruka.

Raundi ya nne, kengele: watatu wa kwanza wakapewa pointi.
Ya nane, tena. Ya kumi na mbili.
Mwenye kofia ya manjano hakugombea hata moja,
mkono mmoja mgongoni
kama mtoto aliyetumwa chumvi na hana haraka ya kurudi.
Mwingine akapitwa mzunguko mzima,
akaonyeshwa njia ya kutoka,
akatoka, akainama, akashika magoti, akahema.
Mama Nsimire akasimamisha mwiko hewani:
"Kumbe huko ukichelewa unapumzishwa?"

Hatukujibu.
Chukudu haina mlango katikati ya mteremko.
Ina kipande cha tairi, ina kisigino chako,
ina magunia manane ambayo hayajui neno subiri.

Kengele ya mwisho ililia kama ya shule.
Kwenye kona wawili wakagusana visu,
wakaanguka, wakateleza, wakapokelewa
na magodoro yaliyosimamishwa ukutani.

Magodoro.

Sebujangwe akalishika goti lake la kushoto,
lile lisilokunjika tangu kona ya Kanyaruchinya,
ambako ukuta ni lava na hakuna aliyeuvisha kitu.
Akawatazama wakiinuka, wakijipangusa unga mweupe.
Akaomba maji ya kunywa.

Na yule wa manjano, ambaye tulikwisha kumsahau,
akapenya kwa ndani, pembamba, pembamba,
akanyoosha mguu mbele ya mstari,
akashinda kwa upana wa ukucha.
Tulipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa.
Nchi yake hatukuijua. Jina lake msimamizi alilitaja
kwa Kifaransa cha mbio, likapita.

Maharage yakaiva.
Katembo akauliza, mdomo umejaa:
"Lakini walikuwa wamebeba nini?"
Mtu akasema, bendera.
"Bendera ina kilo ngapi?"

Jioni nilirudi Ndosho, chukudu tupu,
goti moja juu ya ubao, mguu mmoja unasukuma.
Penye lami, kidogo tu, pale ambapo niliona hakuna watu,
nikaweka mkono mmoja mgongoni.
Dereva wa pikipiki akanikosakosa,
akanitukana kwa lugha mbili.