Kisahani cha Mita

Kutaisi, mwezi wa pili. Mvua imechanganyika na theluji.
Ofisi imenituma kupima miji,
miji ishirini na mmoja, jedwali moja:
umeme, gesi, kuni, gawanya kwa vichwa vya watu,
kisha ipange, wa kwanza hadi wa mkia,
kama watoto wa shule siku ya kufunga muhula.

Sisi tumeshika nafasi ya tatu.
Merab, mkuu wangu, alipiga meza kwa furaha:
"Tumeipita miji yenye madirisha ya vioo vitatu!"

Nami nikapanda ngazi hadi ghorofa ya nne,
lifti ilikufa zamani,
nikahakiki tarakimu.

Bi Tsiala alinifungulia akiwa na makoti mawili
na kofia ya marehemu mumewe.
Vyumba vitatu; viwili ameviziba
kwa mablanketi yaliyopigiliwa misumari milangoni.
Katika cha tatu kuna jiko la kuni,
bomba lake limetobolewa dirishani. Huliwasha jioni tu.
Nikaelekeza kamera ya joto:
ukuta buluu, dari buluu.
Chekundu kilikuwa kimoja, uso wake.

"Kwa hiyo tumeshinda?"
"Wa tatu, bibi."
Akacheka mpaka akakohoa.
"Na wa mwisho ni nani? Nihamie huko."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni:
ipo miji ya kaskazini iliyozivika kuta zake sufu nene,
joto la viwanda likapitishwa mabombani hadi vitandani mwa watu,
wakatumia kidogo na bado wakavua soksi.
Hao wamebana. Huyu amejinyima.
Kwenye jedwali langu ni safu ileile,
hata rangi ya kijani ni ileile.
Mizani haijui aliyeshiba na aliyefunga;
wote wawili hawaombi chakula.

Niliomba safu ya saba:
nyuzi joto za chumba, saa kumi na moja alfajiri.
Merab alisema karatasi imejaa.

Nikainama ukumbini kusoma mita.
Kisahani kimelala, alama yake nyekundu imegeukia ukuta.
Nikangoja.
Nikaanza kuandika sifuri.

Ndipo nikasikia birika likichomekwa jikoni,
vikombe viwili vikigongana,
na kisahani kikashtuka, kikaanza kuzunguka,
polepole, kisha mbio,
kwa ajili yangu mimi mgeni,
mpimaji.